Karatasi Mia Mbili Zilizofutwa Kabla ya Kura

Tangu nirudi hakuna aliyenisalimia vizuri. Kila mmoja wenu anaanza na swali: ni kweli, Mama Ngalula, ulikamatwa na kura za wizi? Nimechoka kusimulia vipande vipande kwenye veranda ya walimu, huyu anachukua mwanzo, yule anachukua mwisho, na jioni nasikia sokoni kwamba nimefungwa Kasapa. Kasapa nilifika, ndiyo. Lakini kule kuna chuo kikuu na kuna gereza, na mimi nilikwenda chuoni. Nimeamua kuandika mara moja, msome wote, mniache nifundishe.

Habari za barua na sahihi za kuombea ruhusa naziruka, mnazijua. Sababu ya safari nairudia, kwa ajili ya wale wa idara nyingine. Waliokuja kutukagua walituambia kwamba idara yetu ya sayansi ya siasa haina hata mwalimu mmoja aliyepata mafunzo mapya ya kufundishia. Mmoja wetu aende Lubumbashi, wiki moja, na siku ya mwisho atoe somo la mfano mbele ya jopo. Akifaulu, idara inabaki. Akianguka, idara inafungwa, na vijana kumi na saba wa mwaka wa mwisho warudi kwao kulima au kuvua. Majina yangeitwa Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, na asiyekuwepo angefutwa. Mkuu wa idara ni mimi, kwa hiyo mzigo ukanilalia mimi.

Kutoka Kilwa: juu ya magunia

Mvua zilikuwa zimeikata barabara ya kutoka Kilwa yetu hii ya ziwani, si ile ya pwani, na basi halikuja wiki nzima. Alhamisi asubuhi nikapanda lori la samaki wakavu la Papa Ilunga. Aliniahidi kiti cha mbele, karibu naye, kama heshima kwa mwalimu. Nilipofika nikamkuta mama mkwe wake amekikalia, na hakuna mtu duniani wa kumwondoa mama mkwe kwenye kiti. Nikapandishwa juu ya magunia pamoja na abiria wengine tisa, nikiwa na begi langu na katoni moja niliyoifunga kwa plastiki.

Katoni hiyo ndiyo iliyonitoa jasho, kwa hiyo niieleze. Ndani mlikuwa na karatasi mia mbili za kura za mchezo, nilizotengeneza kwa ajili ya somo langu. Wagombea watatu, majina ya kubuni, na kiboksi mbele ya kila jina. Mwaka jana niliwahi kuwapa wanafunzi karatasi kama hizo bila muhuri. Walicheka, mmoja akafungia karanga. Safari hii nikasema watanitambua. Nikachukua muhuri wa idara nikagonga karatasi zote, moja moja, mpaka kiganja kikauma. Mnajua jinsi tulivyo: karatasi isiyo na kashe, huo muhuri, si karatasi. Nilijiona nina akili sana.

Juu ya magunia nilikaa ubavuni mwa Mama Zaituni, mfanyabiashara wa samaki na vitenge, umri wa miaka sitini na kitu. Wazee wake walitoka Maniema, yeye amezaliwa Kenya, ule mtaa wa Lubumbashi, na bado anaishi huko. Kila saa ya swala alikuwa anagonga paa la mbele kwa fimbo na Papa Ilunga anasimamisha lori bila kunung'unika. Mimi ndiye niliyekuwa nanung'unika, kimoyomoyo, maana nilikuwa nahesabu saa. Alinigundua. Aliniambia kwa upole kwamba lori likikwama hatakuwa yeye aliyelikwamisha.

Likakwama kabla ya adhuhuri. Tope lilimeza magurudumu ya nyuma hadi kwenye mhimili. Tulishuka wote, tukakata matawi, tukachimba kwa mikono na sufuria. Tulikaa pale muda wa saa sita. Mwanamume mmoja alinishauri nirudi Kilwa kwa miguu kungali mapema, mafunzo yatakuja mengine. Nilimjibu vibaya, na sasa namwomba radhi. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu ikinishika huwa inatokea mdomoni kama hasira.

Kasomeno: karatasi juani

Tuliingia Kasomeno Ijumaa alasiri, na hapo hapo Papa Ilunga akagundua kwamba springi imevunjika. Fundi alisema kesho asubuhi. Kesho asubuhi akasema mchana.

Wasiofika Kasomeno wajue kwamba ni mahali pa kungoja, na watu wake wamejipanga kwa ajili ya wanaongoja. Nilikula bukari, ugali wetu, kwa samaki wasiokaushwa, nikala kikanda cha viazi pori chenye pilipili mpaka machozi yakanitoka, nikanywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kwenye kopo la nusu lita. Mama aliyetupikia alikataa kuamini kwamba nafundisha siasa. Alisema wanasiasa hawafundishwi, wanazaliwa hivyo hivyo, na akaniongezea samaki kwa kunionea huruma.

Jumamosi asubuhi nikafungua katoni. Plastiki ilikuwa imepasuka pembeni na unyevu umeingia, karatasi za juu zimeanza kushikana. Nikaazima mikeka miwili kwa mama mpishi, nikazitandaza karatasi zote juani kando ya barabara na kuweka vijiwe juu yake. Karatasi mia mbili za kura, zenye muhuri wa bluu, siku ya soko!

Watu walisimama kutazama, na mimi nikafurahi. Niliwaeleza, nikapanua maelezo, nikazungumzia siri ya kura na uhuru wa mpiga kura. Dereva mmoja wa pikipiki aliuliza kama anaweza kupiga kura sasa hivi aende zake. Nikacheka. Mama Zaituni hakucheka. Alikuja akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, kusanya hii bintu yako. Bantu banaangalia kashe, habakusikilize weye."

Nilimwambia ni karatasi za mchezo, kila mtu ameona. Akasema yeye ameona, lakini anayepita kwa pikipiki haoni mchezo, anaona kura. Nilizikusanya baada ya saa nzima, zilipokauka. Lori likatoka saa saba, na pikipiki zilikuwa zimetutangulia zamani.

Bariyeri

Baada ya Kasomeno tukakuta kamba imevuka barabara, kibanda cha bati, na wanaume watatu. Kwa kawaida pale mtu anashuka, anaonyesha kitambulisho, anatoa kidogo cha maji, anapanda. Papa Ilunga alishuka akiwa ameshajiandaa. Yule mkubwa wao, mwanamume mwembamba aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, hakumtazama. Alikuja moja kwa moja nyuma ya lori, akainua kichwa.

"Mama wa kura iko wapi?"

Abiria wote waligeuka wakaniangalia. Hata mama mkwe alitoa kichwa dirishani.

Nikashushwa pamoja na katoni, na ndani ya kibanda alitoa karatasi moja, akaiinua kwenye mwanga, akaukuna muhuri kwa kucha. Akauliza jina langu. Nilipolitaja akaandika, halafu akainua kalamu.

"Ngalula. Mama wa Kasai. Na unapeleka kura za bantu ba huku Lubumbashi."

Nilimwambia nimezaliwa Likasi na nina miaka ishirini Kilwa. Neno lile lilinichoma, na jamani, mnajua kwa nini. Sisi tuliozaliwa huku tukabeba majina ya kule tumeshaambiwa mengi, turudi kwetu Kasai, kila uchaguzi unapokaribia. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga kibao, vyote kwa pamoja. Badala yake nikafanya lile ninalolijua: nikafundisha. Nikamweleza kura ni nini kisheria, nani ana haki ya kuichapisha, kuna tofauti gani kati ya kifaa cha kufundishia na hati ya serikali. Nilisema labda dakika ishirini. Nikasema hata "kama unavyopaswa kujua." Hapo uso wake ukajifunga.

Alipojibu alijibu polepole.

"Mama, kama hii makaratasi iko ya kweli, weye uko mwizi wa kura. Kama iko ya uongo, mbona kashe iko ya kweli?"

Swali hilo halimo kwenye notsi zangu. Miaka ishirini na miwili nafundisha sayansi ya siasa.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakutaka kitu. Papa Ilunga alijaribu kwa lugha zote za kwetu, akakataliwa. Mtu anayetaka kitu unajua mwisho wake uko wapi. Huyu alikuwa na hofu, nami nilianza kuiona: akiniachia nipite, halafu kesho mkubwa wake asikie kwamba kura zilipita mikononi mwake, ni yeye atakayelala ndani. Alisema nibaki pale mpaka Jumatatu, wakubwa watakapofungua ofisi. Lori linaweza kwenda.

Simu haikuwa na mtandao. Papa Ilunga alisema atangoja mpaka saa kumi na moja, si zaidi, samaki wakipata mvua atakuwa amekwisha. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilikaa kwenye jiwe nje ya kibanda nikaona wazi wazi Jumatatu ile, jina langu likiitwa mara mbili na mtu akilipigia mstari. Niliwaona wale vijana kumi na saba, mmoja mmoja. Nililia, nasema kweli, na sikujificha.

Mama Zaituni alimaliza swala ya alasiri, akakunja mkeka wake, akaingia kwenye kibanda bila kuitwa. Nikamfuata. Alimsalimia yule mkubwa kama mama anavyomsalimia mtoto wa jirani, akamuuliza habari za nyumbani, akangoja majibu yote. Halafu akaangalia katoni.

"Shefu, kura ikiharibika, mu biro ya kura banaifanya nini?"

"Banaifuta. Banaandika annulé."

"Basi ufute. Kura ya kufutwa haiko kura tena. Na kashe yake imekufa pamoja nayo. Weye umeikamata, umeifuta, umeandika mu rejista. Nani atakusemea mubaya?"

Alifikiri. Aliichukua ile karatasi moja, akaandika kwa herufi kubwa, toka kona hadi kona, ANNULÉ. Akaiweka mbali kidogo akaitazama. Niliona mabega yake yanashuka. Kisha akasema zote, hata moja isisalie, maana moja tu inaweza kumchagua mtu.

Zilikuwa mia mbili, na saa kumi ilikuwa imepita. Mama Zaituni alitoka nje akawaita abiria kwa majina. Walikaa kwenye majani, wakagawana kalamu nne na kipande cha mkaa, wakaanza kuandika. Papa Ilunga aliandika akitumia boneti kama meza. Yule mwanamume niliyemjibu vibaya kwenye tope alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Mama mkwe hajui kuandika, kwa hiyo akawa anachora msalaba mkubwa juu ya kila karatasi, mpaka yule mkubwa akaja mbio kumzuia.

"Hapana musalaba, Mama! Musalaba njo kupiga kura!"

Karatasi zake saba zikafutwa mara ya pili. Mimi niliandika zaidi ya thelathini. Kila nilipoandika nilikuwa naua somo langu kwa mkono wangu mwenyewe, nikijua hivyo, na bado nikiharakisha. Yule mkubwa alizihesabu, akaandika kwenye rejista, akanirudishia katoni kwa mikono miwili. Alisema nisimchukie. Nilimwambia simchukii, na tulipokuwa kwenye lori ndipo ikawa kweli.

Kamba ilishushwa saa kumi na moja na robo.

Kenya: kwa Mama Zaituni

Tuliingia Lubumbashi Jumapili mchana. Sikuwa na pa kufikia, na Mama Zaituni hakuniuliza, aliniambia tu nishuke na begi langu. Nyumba yake iko Kenya, nyuma ya karakana ya mafundi wa milango ya chuma, kati ya kanisa na kanisa. Ndani ya uzio wake mna adhana kwenye simu na kwaya kila upande, na watu wamezoea.

Niliketi kizingitini kupunga hewa, na kabla sijamaliza glasi ya chai ya tangawizi wanawake watatu walikuwa wamenisimamia wakiuliza samaki bei gani. Siku nne juu ya magunia zilikuwa zimeniingia nguoni. Niliwaambia mimi ni mwalimu wa chuo. Mmoja alisema vizuri, lakini dagaa ya chisense je, iko? Watu wa nyumba walicheka mpaka wakashika ukuta. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu ya katoni.

Sharti la mafunzo lilikuwa kwamba kila mshiriki akabidhi vifaa vya somo lake siku ya kwanza, vifungiwe, visibadilishwe tena. Hawakutaka mtu akimbilie mjini kuchapisha vitu ambavyo chuoni kwake havipo. Nilikuwa na ile Jumapili tu ya kutengeneza upya. Mjukuu mkubwa wa Mama Zaituni, fundi wa kompyuta, alinipeleka sehemu tatu za kutoa kopi. Ya kwanza imefungwa, watu wako ibadani. Ya pili haina wino. Ya tatu ilikuwa wazi, mashine imewaka, na umeme ukakatika mtaa mzima tukiwa tumesimama mbele yake. Tulingoja. Mwenye mashine alisema umeme ukiondoka Jumapili huwa haurudi kabla ya kulala. Haukurudi.

Usiku ule Mama Zaituni aliniambia nizipeleke karatasi hivyo hivyo. Nilimwuliza nitawaambia nini watu wenye digrii tatu tatu. Akasema yeye hana digrii, lakini akiniangalia anaona kwamba shida yangu haijawahi kuwa kukosa la kusema.

Kasapa

Jumatatu nilioga mara mbili, nikavaa kitenge cha kuazima, na bado mlinzi wa geti aliniambia wauza samaki wanaingilia upande wa jikoni. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Safari hii sikueleza kitu. Nilimpita, nikakimbia, mimi na umri wangu huu na kitenge kile, huku akinipigia kelele nyuma. Nilisikia jina langu nikiwa ukumbini mlangoni. Lilikuwa linaitwa mara ya pili.

"Niko," nikasema, na watu wote wakageuka kwa sababu ya sauti, halafu kwa sababu ya harufu.

Tulikuwa walimu ishirini na wanne, kutoka vyuo vya pande zote za mkoa. Aliyetuongoza ni Profesa Nkulu, mwanamke mfupi mwenye saa kubwa ya mkononi. Siku ya kwanza tu alitupima: kila mmoja afundishe dakika kumi kama anavyofundisha kwake. Wote ishirini na wanne tulitoa imla. Tulisoma notsi, wenzetu wakaandika. Alitusomea dakika ambazo wanafunzi wetu walizungumza, na nyingi zilikuwa sifuri. Wiki nzima alitufundisha jambo moja kwa njia hamsini, kwamba mwalimu wa siasa asiyeweza kunyamaza anawafundisha watoto wa watu kutii. Nilikubaliana naye kabisa, na kila mara nilipokubaliana naye nilisema kwa kirefu, mpaka akanyanyua ile saa.

Kuna mzee mmoja, Mwalimu Kasongo, aliyebakiza miaka michache astaafu. Yeye alikuwa anasinzia nyuma. Tulimzoea.

Somo langu likapangwa Ijumaa, la mwisho. Dakika ishirini na tano. Wenzangu ndio wanafunzi, na jopo la watu watatu limekaa pembeni na karatasi zao za alama. Katoni ikaletwa ikiwa imefungwa, ikafunguliwa mbele ya wote. Nilikuwa sijamwambia mtu. Niliwagawia, nikaweka sanduku la kura mezani, nikasema maneno niliyojiruhusu kusema: wagombea ni watatu, pigeni kura. Kisha nikakaa.

Waligeuza karatasi mbele na nyuma. Mmoja akadhani nimekosea kugawa. Mwalimu mmoja kijana kutoka upande wa Kolwezi akanyoosha mkono.

"Mama, hii karatasi imeshafutwa mbele ya kupiga kura. Nitapiga ya nini?"

Swali hilo nilikuwa na majibu yake manne, kwa mpangilio. Nilikuwa nimeyatunga tangu bariyeri, na yalikuwa mazuri. Nikabana meno. Akauliza tena. Wengine wakaanza kunong'ona, mmoja akaweka kalamu chini, mwingine akakunja mikono. Profesa Nkulu aliangalia saa yake. Mjumbe mmoja wa jopo aliandika kitu kifupi, na mimi nilijua ni sifuri, maana hata mimi ningemwandikia sifuri mwanafunzi aliyesimama mbele bila neno. Idara ilikuwa inafungwa pale pale mbele ya macho yangu, kwa dakika, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa. Nikasema moyoni yatosha. Nikavuta pumzi.

Kiti cha nyuma kikalia. Mwalimu Kasongo alikuwa amesimama.

"Mi nilikuwaka mukubwa wa biro ya kura, mara moja," akasema. Hakuwa anamwangalia mtu. "Banaleta karatasi ya matokeo, imejazwa yote. Shee hatujafungua hata sanduku. Banasema, Mwalimu, tia sinyatiri huku chini. Nikatia."

Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

"Kule inje bantu bangali mu mustari. Mu jua. Banangoja kupiga. Mi nilibaona kwa dirisha. Nikabaachilia bapige mupaka jioni, juu nilipata haya ya kubaambia. Tangu ile mwaka minafundisha uchaguzi, minasoma kitabu tu. Hakuna mwanafunzi aliniulizaka kitu."

Akatembea mpaka mezani, akaazima kalamu, akaweka alama yake juu ya lile neno ANNULÉ, akatumbukiza karatasi kwenye sanduku. Yule kijana wa Kolwezi akasema kura ile haihesabiki. Mama mmoja kutoka Likasi akasema itahesabiwa. Hapo ukumbi ukalipuka: nani mwenye kura, aliyeipiga au aliyeifuta, na waliosimama juani walipoteza nini hasa, na mwenye kutia sahihi angefanya nini siku ile akiwa na watoto nyumbani. Walibishana mpaka kengele, wamesimama, na mimi nimekaa. Kura zilizopigwa ni kumi na moja.

Matokeo yalisomwa Jumamosi asubuhi. Kwenye karatasi yangu mwenyekiti wa jopo alikuwa ameandika: "Mwalimu hakusema neno kwa dakika kumi na tisa." Sikujua kama nasifiwa au nazikwa. Ilinibidi nigeuze upande wa pili kuona kwamba nimefaulu. Idara inabaki. Wale kumi na saba watamaliza.

Nilipokuwa nafunga begi Profesa Nkulu akanifuata. Aliniuliza, kama mwalimu kwa mwalimu, ningefanya nini kama yule mzee asingesimama. Ningeweza kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia ukweli, na nawaambia na ninyi: ningejibu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.